Penalti Iliyovuka Uzio

Nilijua kuna aliyekufa mara tu nilipoona firigisi kwenye sahani yangu. Nyumbani kwa Wafula, Rooty Hill, magharibi mwa Sydney, firigisi ya kuku haitolewi hivi hivi. Kila mwaka baridi ikianza, sisi tuliochezea timu ya chuo tunakutana kwake kwa chakula cha mchana, na kila mwaka firigisi hugombewa kwa matusi ya kirafiki mpaka mke wake, ninayemwita shemeji, atishie kumpa mbwa wa jirani. Wafula hudai ni haki yake kama mwenye nyumba, maana kwao Bungoma mwenye nyumba akinyimwa firigisi ni kama amepinduliwa. Mwaka huu aliichota mwenyewe kwa kijiko, akaiweka mbele yangu na kusema, "Kula, ndugu yangu." Wafula, ambaye tangu ujana hajawahi kuniita jina langu bila kulitangulizia tusi, ananiita ndugu yangu. Nikaiangalia meza. Hakuna aliyesema neno kuhusu upara wangu. Hakuna aliyeuliza kama bado natembea kwa miguu yangu au nimeshanunuliwa kiti cha magurudumu. Kocha Trevor, aliyekuwa akitufundisha mpira enzi zile na sasa ni mzee aliyepinda mgongo, alikuwa akikata kuku wake vipande vidogo vidogo bila kula hata kimoja. Macho yake yalikuwa mekundu. Na kiti cha karibu na dirisha, ambacho siku zote ni cha Fiston, kilikuwa kimerundikiwa makoti.

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi. Simu yangu ilizimika chaji ikiwa ndani ya kabati la wafanyakazi, na nilikuja moja kwa moja kwa treni bila kuiwasha. Kwa hiyo mezani pale mimi peke yangu nilikuwa sijaambiwa. Nasema sijaambiwa, sisemi sikujua. Ningeweza kuuliza palepale, mtu angenijibu, na mambo yangekwisha. Sikuuliza. Nilimwomba shemeji aniongezee ugali kidogo, nikavuta kiti, nikaanza kuwasimulia mechi ya Fiston, wao walioicheza pamoja nami na wanaoijua vizuri kama mimi. Hakuna aliyenikatiza.

Mwaka ule tulikuwa tunaishi Seven Hills, nyumba ya mbao iliyojaa baridi, karibu na reli kiasi kwamba treni ya mizigo ikipita vikombe vilihama mahali pake. Tulikuwa watatu: mimi niliyekuwa nasomea uuguzi, Wafula aliyekuwa akisomea uhasibu na kuchukia kila siku yake, na Fiston, kipa wetu, Mkongo wa Bukavu, aliyekuja kama mkimbizi na aliyekuwa anajifunza uchomeleaji katika chuo kilekile. Meza ya jikoni tuliiokota kando ya barabara siku watu wanapotoa vitu wasivyovihitaji, na mguu wake mmoja uliegemezwa kwa kitabu cha uhasibu, matumizi ambayo Wafula alisema ndiyo bora kuliko yote. Tulikuwa na hita moja. Aliyepika ndiye aliyekuwa na haki ya kukaa karibu nayo, na hiyo ndiyo sababu sisi sote tulijifunza kupika. Fiston alinizidi urefu kwa kichwa kizima, lakini kwa kuwa nilimtangulia kuzaliwa kidogo tu, aliniita grand, kama Wakongo wanavyomwita kaka mkubwa, na mimi nililipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Chumba chake na changu vilitenganishwa na ubao mwembamba. Kila Jumamosi jioni nilimsikia akimpigia simu mama yake, aliyekuwa bado kambini Uganda. Alianza kwa swali lilelile. "Mama, umekula? Umekula nini?" Halafu alinyamaza muda mrefu, maana mama alitakiwa kueleza chakula chote: maharage yalikuwa laini au magumu, chumvi ilitosha, nani alisaidia kuteka maji. Sikuwahi kumsikia akizungumzia mabao aliyookoa. Alimweleza hali ya hewa ya Sydney kana kwamba mama alikuwa amesimama mlangoni akitaka kujua avae nini. Na kweli alikuwa karibu kuja. Mahojiano yalikuwa yamepita, vipimo vya afya vimepita, imebaki tarehe ya kusafiri tu. Tulishakubaliana atalala chumba changu, kwa sababu ndicho kilichopata jua la asubuhi, na mimi nitahamia kwa Wafula, anayekoroma kama jenereta. Nilihama mapema ili chumba kisafishwe. Fiston alinunua blanketi jipya la zambarau, akakitandika kitanda, na kila asubuhi alikuwa akifungua dirisha la chumba kile kisichokaliwa na mtu, na jioni akilifunga.

Timu yetu ya chuo haikuwa ya kutisha, lakini ilikuwa na siku zake, na siku hizo ndizo tunazozirudia kila mwaka kwa Wafula, kwa mpangilio uleule kama sala. Kwanza huja Sione, beki Msamoa, aliyeteguka kidole, akakivuta mwenyewe kikarudi mahali pake huku refa akigeuza uso, na kona iliyofuata akafunga kwa kichwa. Halafu bao la Wafula la kutoka katikati ya uwanja, ambalo kila mwaka linapigwa kutoka mbali zaidi. Tukijaliwa umri, ataishia kulipiga kutoka Parramatta, kitongoji kingine kabisa. Halafu Minh, winga mdogo wa Kivietinamu, aliyecheza akiwa na homa, akatengeneza mabao yote ya ushindi, kisha akalala kwenye basi usingizi mzito hivi kwamba tulimbeba hadi kwao na mama yake akapiga yowe akidhani tumemletea maiti. Wa mwisho siku zote ni Fiston. Chuoni bado kuna picha yake kwenye ukuta wa korido ya kantini, amevaa glavu, na chini yake maneno machache yanayosema kwamba alicheza mechi bora kuliko ya mchezaji yeyote wa chuo kile, bila kujua msiba uliokuwa ukimsubiri nyumbani. Nimesimama mbele ya maneno hayo mara nyingi. Ndivyo na sisi tulivyokuwa tukisimulia.

Jumamosi ile ya nusu fainali simu ilinijia mimi. Fiston alikuwa bafuni akiimba. Aliyepiga ni Mzee Byamungu, kiongozi wa Wakongo wa upande wetu, mtu ambaye hata salamu yake ilikuwa na uzito. Mama Fiston alikuwa amefariki kambini, malaria, baada ya kuugua siku chache tu ambazo alikataza mwanawe aambiwe. Nilikaa chini sakafuni. Niliuliza kama nimwite Fiston, na mzee akanikataza kwa sauti ya upole ambayo bado naisikia. "Hapana, mutoto yangu. Mutu haambiwi kifo mu telefone. Tutakuja mangaribi, tukae naye. Mumuache kwanza acheze, akule, ndiyo tumuambie." Sikushangaa. Hata kwetu ndivyo ilivyo: habari kama ile haitupwi kwa mtu akiwa amesimama, ana njaa, hana wa kumshika. Inangoja watu wakusanyike, ashibe kwanza, kisha mkubwa mmoja aifungue. Nilimwambia Wafula kwa kunong'ona tukiwa uani, akalia akiwa ameuma kitambaa cha vyombo, halafu akarudi jikoni akaimimina huruma yake yote kwenye sufuria. Alimpikia kuku. Na alipopakua, bila kufikiri, akampa Fiston firigisi.

Tulijiona wajanja sana. Fiston aliitazama ile firigisi, akamtazama Wafula, akanitazama mimi. Mimi nikatazama kikombe changu. Akaila taratibu, akasema, "Aksanti." Kwenye gari hatukugombania kiti cha mbele, tulimwachia. Siku nyingine tulikuwa tukimcheka kwa kofia yake ya sufu yenye kishada, siku ile hakuna aliyeiona. Mtu mmoja, nadhani ni mimi, alimsifia. Tulipofika mtaa wa pili nilikumbuka kwamba hajachukua simu yake, nikamuuliza kama turudi, kwa kuwa alikuwa na desturi ya kuzunguka nayo mfukoni kila mahali. Akasema iache tu, inapumzika. Nilishukuru Mungu, nikidhani bahati iko upande wetu.

Uwanja ulikuwa Macquarie Fields, nyasi zimelowa, upepo unaingia hadi kwenye meno. Wakati wachezaji wanapasha misuli, nilimweleza Kocha Trevor, kwa kuwa niliona ni haki ajue. Trevor alikuwa mwalimu wa uchomeleaji, mtu mkavu, mwema. Alibadilika rangi. Alisema lazima Fiston aambiwe sasa hivi, atolewe, apelekwe nyumbani. Nilimweleza habari ya wazee na jioni na chakula. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia tunamzika mtu akiwa hai. "It's his mum, Isaka," akasema. "It's not yours to keep." Kwamba aliyekufa ni mama yake, habari ile ilikuwa ya Fiston, sisi hatuna ruhusa ya kuikalia. Mwishoni alikubali, kwa sababu hakutaka kuwa yeye mgeni wa kuvunja mila ya watu, lakini kipindi chote alisimama mbali na mimi. Maneno yale yameishi nami. Miaka yote hii, katikati ya vicheko vyetu vya kila mwaka, nimekuwa nikijiuliza kama mchana ule tulimtendea Fiston wema au tulimwibia. Sikuwahi kuwa na ujasiri wa kumuuliza mwenyewe.

Alicheza namna ambayo sijaiona tena. Wapinzani wetu walikuwa timu ya chuo kikuu, vijana warefu wenye afya, na walitushambulia kama watu waliokuja kuchukua mali yao. Fiston alidaka, alipangua, alirukia miguu ya watu. Kuna mpira mmoja uliomgonga beki wetu ukageuka njia, naye alikuwa tayari angani upande mwingine, na sijui kwa namna gani aliunyoosha mkono nyuma akausukuma juu ya mtambaa panya. Mshambuliaji wao alishika kichwa, kisha akampigia makofi. Sisi tuliokuwa tunajua tulicheza huku tukimgeukia kila mara. Kila alipoanguka nilisubiri asiinuke. Aliinuka kila mara, akachukua muda wake kufuta matope kwenye glavu, akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka, mpaka refa akamwonya kwa kupoteza muda. Bila bila. Muda wa nyongeza, bado bila bila. Jua likaanza kuzama nyuma ya paa za nyumba, tukaingia kwenye penalti.

Tulikwenda sare mpaka ikafika mahali ambapo Fiston aliokoa mkwaju wao, na sisi tukibakiwa na mmoja ambao ukiingia tumeshinda. Ilikuwa zamu ya Sione. Fiston akamshika bega, akasema ataupiga yeye. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa mazoezini hakuwahi kukosa: chini, kushoto kwa kipa, kila mara, tulishachoka kumcheka kwa kutobadilisha. Alitembea polepole hadi kwenye alama. Akauweka mpira, akauinua, akauweka tena. Kipa wao alijirusha kulia mapema, goli lote la kushoto likabaki wazi. Fiston akaupiga juu. Haukupita karibu na mwamba. Ulipaa ukavuka uzio, ukaenda kudunda barabarani kati ya magari, na ikabidi mtu aufuate.

Kila mwaka hapo ndipo tunapocheka. Ndilo doa pekee la siku yake, na Fiston mwenyewe, kwenye kile kiti cha dirishani, alikuwa akicheka nasi na kutazama nje. Mwaka huu nilipofika hapo kwenye masimulizi nilisimama. Kijiko kilikuwa mkononi, firigisi bado nzima kwenye sahani. Nilikuwa nimeomba ugali ambao sikuutaka. Nilikuwa nimeomba chai, nimeomba pilipili, nimesimulia habari ya Sione na ya Minh kwa urefu ambao hata wenyewe waliuona wa ajabu, na yote hayo kwa sababu mradi nilikuwa naongea, kiti kile kilikuwa kimewekewa makoti tu. Nilielewa palepale, nikiwa mzee, kwa nini kipa asiyekosa penalti aliupeleka mpira barabarani. Alikuwa amejua tangu firigisi. Alijua kwamba refa akipuliza filimbi ya mwisho, tutamrudisha nyumbani, na nyumbani kuna watu. Mama yake alikuwa hai kwa kadiri ya mechi, na yeye ndiye kipa.

Niliendelea kuwasimulia. Fiston alirudi golini, akaokoa tena, Minh akakosa, wakafunga, tukafunga, akaokoa tena, kisha Wafula akafunga na hakukuwa na namna nyingine. Tulimkimbilia. Tulimkuta amekaa chini ameegemea nguzo, glavu mkononi, akitazama uwanja unavyoanza kuwa giza. Siku zote alikuwa wa kwanza kwenda kuoga maji ya moto kabla hayajaisha. Siku ile alisema atashusha nyavu, kazi tuliyokuwa tukisukumiana. Alifungua kulabu moja baada ya nyingine kwa vidole vilivyokufa ganzi. Nilikwenda kumsaidia, nikawa nazikwanyua haraka haraka ili twende, watu walikuwa wanangoja. Akanishika mkono. "Pole pole, grand," akasema. "Haraka ya nini?" Tukazishusha pamoja, kisha akazikunja vizuri kuliko zilivyowahi kukunjwa.

Seven Hills tulikuta viatu vingi mlangoni. Fiston alivitazama, akainama, akaanza kuvipanga jozi kwa jozi, vya wazee na vya kina mama, hadi mstari ukanyooka. Ndani, viti vya kukunja vya kanisani vilikuwa vimeshapangwa, kina mama wamepika sombe, majani ya muhogo, na kila mtu alimpongeza kwa ushindi kwa sauti ya chini. Alioga. Alikula akamaliza, akaomba tena, akala. Mzee Byamungu alisubiri bila kumharakisha. Halafu Fiston akanawa mikono, akajifuta, akakaa kati yangu na Wafula, akasema, "Sasa semeni." Nakumbuka nilishangaa neno lile wakati ule, kisha kilio kikanisahaulisha. Kile chumba chenye jua hakikupata mtu mwaka mzima uliobaki. Mimi niliendelea kulala kwa Wafula. Kila asubuhi nilimsikia Fiston akifungua dirisha, na kila jioni akilifunga, na blanketi la zambarau likabaki limetandikwa vilevile.

Nilipomaliza, hakuna aliyecheka. Shemeji alikuwa amegeukia sinki. Wafula alikuwa akikuna meza kwa ukucha, na mashavu yake yamelowa. Nilikuwa na hofu kama sijawahi kuwa nayo, na pia, lazima niseme, nilikuwa nimetua mzigo, maana hatukumwibia. Zile saa alizichukua mwenyewe, akazilinda kwa mikono yake, nasi tulikuwa mabeki wake tu. Kocha Trevor alinyoosha mkono juu ya meza akaushika wangu. Yeye alikuwa na habari hii tangu asubuhi, na alikuwa ameikalia pamoja na wengine mbele ya sahani yake, mchana kutwa. "Take your time, mate," akasema, yaani nisiharakishe.

Nikala firigisi. Nikaila yote, taratibu. Nikainuka nikaenda mlangoni, nikapanga viatu vyao, nikarudi. Shemeji aliniletea maji na bakuli, nikanawa kidole kimoja kimoja, nikajifuta. Kisha nikaondoa makoti kwenye kiti cha dirishani, nikakikalia, nikamgeukia Wafula.

"Sasa semeni."